Gisi ya kuchimba aksida ya bato mpaka ukute kitu unaweza kurekebisha kesho asubui

Ndugu zangu matelo, mekano, makapita, na nyinyi wote munaopakiaka mizigo pale porti ya Kituku mu Goma na kule Bukavu, hii nimeandika juu yenu. Nimefanya kazi mu bato ya mizigo hapa Ziwa Kivu miaka mingi, Goma, Idjwi, Bukavu, kurudi, nilianza kama mtu wa kutupa kamba. Na kuko kitu kinanichomaka roho: aksida ikitokea tunalia, tunazika, tunaongelea wiki mbili, kila mtu anasema "ni kapita, alikuwa mukaidi", ao "walipakia sana", kisha bato zinaanza tena kutembea vilevile. Ile maneno "ni kosa ya kapita" inafunga mulango. Ukishaisema hautafute tena kitu ingine.

Sasa hapa chini ni gisi sisi mu ekipe yetu tunafanyaka. Haiombe makuta, inaomba kaye, biki, toroshi na nusu saa mbele ya kupakia.

Ya kwanza: chagua aksida moja, na anza na ya mbali

Najua wengi watasema tuanze na ile bato Merdi. Tarehe 3 Oktoba 2024 ilitoka Minova imejaa watu kupita kipimo, juu wakati ile barabara ya Minova na Goma ilikuwa imefungwa na vita kila mtu alikuwa anapita mu ziwa, ikapinduka karibu kabisa na porti ya Kituku, watu wako ufukweni wanaona na macho. Hatuwezi kuisahau. Lakini ukileta Merdi siku ya kwanza mbele ya ekipe, moja alipoteza dada, mwingine anajuana na mwenye bato, mwingine anaogopa utasema ni yeye alipakia, na hapo watu wanafunga kinywa. Anza na aksida ya watu wasiowajua. Roho ikiwa baridi, akili inafanya kazi, kisha mutafika kwa ya kwetu polepole, na heshima.

Utazipata wapi? Kuko nchi ziko na ofisi ya kuchunguza aksida za bato, na rapore zao wanatia mu intaneti bule, unashusha mu telefone. Kwa sisi tunaosoma Kifaransa kuko BEAmer ya Ufaransa, kuko na Bureau de la sécurité des transports ya Kanada. Anayesoma Kiingereza iko na MAIB ya Uingereza, ile ilianza 1989. Kitu nilipendea hizi rapore ni kwamba wanasema wazi kazi yao haiko kutafuta nani afungwe, ni kutafuta gisi isitokee tena. Haziko kesi ya tribinali. Soma moja tu, isome mara mbili. Watu wanaosoma kumi siku moja hawabakize kitu.

Ya pili: andika vile ilipita, bila kuhukumu

Kamata kaye. Andika saa, nani alikuwa wapi, mikono yake ilikuwa inafanya nini, upepo, mzigo uliwekwa wapi, nani alimwambia nani nini. Usiandike "alizembea". Usiandike "hakuwa na akili". Andika "alikuwa mu chumba, amelala". Hii ni ngumu kuliko vile inaonekana, utaona biki inataka yenyewe kuandika tusi, irudishe.

Mimi naandikaka pia kitu ile mtu alikuwa anaona na macho yake wakati ule. Juu sisi tunaosoma tunajua mwisho, yeye hakujua. Alikuwa na kelele ya motere, mvua, watu wanamwita, na saa imepita.

Ya tatu: uliza "juu ya nini" mpaka ufike kwa kitu unaweza kushika na mukono

Hapa ndo kazi yenyewe iko, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua ile bato Herald of Free Enterprise. Ilikuwa inabebaka watu na magari kati ya Ubelgiji na Uingereza. Tarehe 6 Machi 1987, mangaribi, ilitoka porti ya Zeebrugge na milango yake ya mbele, ile magari yanaingiliaka, iko wazi. Ilipoongeza mbio maji yakaingia ndani ya sehemu ya magari, na mu dakika moja na kitu ikalala ubavu. Watu 193 walikufa.

Juu ya nini maji yaliingia? Milango ilikuwa wazi. Juu ya nini ilikuwa wazi? Matelo wa kuifunga alikuwa amelala mu chumba chake. Sawa. Hapa ndo sisi tunaachiaka. Tunamfukuza ule mtu, tunachukua mwingine, na bato inabaki na ugonjwa wake.

Endelea. Juu ya nini mtu moja kulala ilitosha kuua watu 193? Juu hakuna mwingine alihakikisha. Shefu wa matelo alikuwa wa mwisho kutoka pale, aliona milango iko wazi, lakini kuifunga haikuwa kazi yake. Ofisa alizani mwenye kazi anakuja, akaenda kwa posti yake juu bato ilikuwa inataka kutoka. Juu ya nini kapita alitoka? Juu kutoka pale anasimamaka haonaki ile milango, hakukuwa taa ya kumuonyesha, na taa makapita walikuwa wameshaiomba kampuni mbele, wakanyimwa. Na kulikuwa mazoea: kama hakuna mtu amesema kuna shida, basi bato iko tayari.

Simama pale. Soma tena. *Kama hakuna mtu amesema kuna shida, basi bato iko tayari.* Kimya ilihesabiwa kama ndiyo.

Siku nilielewa hii nilikaa nikafikiri bato yetu. Kapita anapiga kelele "tayari?", mbele wanajibu, nyuma hakuna anayejibu juu motere inalia, na anatoka. Kila siku. Miaka. Sisi hatuna milango ya magari lakini ile ugonjwa tulikuwa nayo yote. Tulibadilisha kitu kimoja: mtu wa nyuma ananyanyua mukono na anasema kwa sauti "nyuma tayari, kamba iko ndani", na kapita asipoona ule mukono hagusi motere. Haikutuomba hata franga moja. Ile ni kitu ya kushika na mukono, na ukifika kwa kitu kama ile ujue umechimba vya kutosha.

Ukiona mwisho wako ni "watu wawe makini", rudi, haujafika. Umakini hauna pahali pa kuufunga na kamba. Mtu anaweza kuwa makini saa ine na akachoka saa ya tano.

Ya ine: tembeza ile aksida mu bato yako na toroshi

Usifanye hii ukiwa umekaa. Zunguka. Uliza, ile kitu iliwaua kule, hapa kwetu inafanana na nini?

Mfano moja ambao mtu wa Goma ataelewa kuliko mtu yeyote. Kuko bato ya kazi Viking Islay, mu bahari ya Kaskazini, Septemba 2007. Munyororo wa nanga ulikuwa unagonga-gonga ndani ya kile chumba chake cha mbele, matelo wawili wakaenda kuufunga. Moja akaingia, akaanguka. Wa pili akaingia kumsaidia, akaanguka. Wa tatu akataka kuingia na vifaa vya kupumulia, havikupita kwa tundu, akavaa kingine kidogo cha kukimbia nacho moto ukiwaka, kile hakikufanywa kwa kazi ile, naye akaanguka. Wote watatu walikufa. Hakukuwa sumu yoyote, hakukuwa harufu. Ni kutu tu. Chuma ikishika kutu inakula oksijeni ya hewa, na kile chumba kilikuwa kimefungwa muda mrefu. Hewa ya kawaida iko na oksijeni karibu 21 kwa 100, mule ilikuwa imebaki kidogo sana.

Sasa wewe wa Goma, hii si unaijua? Ni mazuku. Tangu utoto tunaambiwa usilale mu shimo, usiingie pale mbuzi imelala haiamuki, na mtu akianguka mule usimufuate mbio. Mazuku yetu inatoka chini ya volkano, ni gazi nzito inajaa mu mashimo na kufukuza hewa, ya bato inatokea mu chuma yenyewe, lakini mtego ni moja: haionekane, hainuke, na mtu wa pili anakufa juu ya upendo.

Nilikamata toroshi nikaenda kwa kale ya bato yetu, ile chumba ya chini tunatiaka mizigo. Kale ya mbele haikufunguliwa tangu wiki tatu. Chuma yote nyekundu na kutu. Na tunapakiaka mule makala, na makala mapya pia inakula oksijeni na inaweza kutoa gazi mbaya. Mara ngapi nilishuka mule kichwa mbele nikitafuta kamba? Nilitetemeka. Kanuni yetu leo: kale iliyofungwa inafunguliwa milango yote, inapigwa upepo, na mtu hashuki peke yake, iko mwenzake juu anayemuona na kumuongelesha, na kama ule wa chini hajibu, wa juu *haingii*. Anapiga kelele, anaita, anavuta na kamba ile mwenzake alijifunga mbele ya kushuka. Mashini ya kupima oksijeni ndo dawa kamili, mwenye bato akiwa na uwezo anunue, lakini usingoje ile ndo uanze kufunga kamba mu kiuno.

Hii ya kukimbilia kuokoa inanikumbusha MV Bukoba, Ziwa Victoria, 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Bato ilikuwa imepinduka lakini bado inaelea, watu walikuwa wanagonga kutoka ndani, waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka kwa lile tundu, ikazama. Jumla walikufa watu zaidi ya 800. Wale waokoaji walikuwa na roho nzuri kabisa, siwezi kuwahukumu. Ninachochukua pale ni kwamba gisi ya kuokoa inapangwa mbele, wakati hakuna anayelia.

Ya tano: chimba pia ile ilitaka kutokea

Ile haikuua mtu ndo somo ya bei chini, na ndo ile tunatupaka. Ngoja nieleze moja yangu.

Tulikuwa tunaingia porti saa kenda ya mangaribi, upepo umeamka, mawimbi ya ubavu. Mimi mbele na kamba ya nailoni, nimeishaizungusha kwa chuma ya porti, bato ikarudi nyuma na uzito wake wote. Kamba ikaanza kulia, ile sauti nyembamba, kisha ikakatika. Sikuiona ikipita. Niliona tu beseni ya mama moja aliyekuwa na samaki za sambaza, beseni imepasuka vipande viwili na sambaza zimemwagika mpaka mu maji, na ule mama amekaa kimya anaangalia mikono yake kama anahesabu vidole. Ilipita kati ya goti yangu na ya kwake. Mukubwa wa bato akasema "siku ingine ufungue macho", tukamulipa mama sambaza, ikaisha.

Haikuisha mu mwili wangu. Kesho yake nikaenda kupitisha kidole pale kamba inapitiaka, ukingo wa chuma mbele. Ilikuwa imekuwa kama kisu. Na nyuzi za nailoni zilikuwa zimekwama mule, fupi fupi, nyeupe, kama nywele mu kichana. Kila siku ile ukingo ilikuwa inakata kamba kidogo. Juu ya nini ukingo uko wazi? Kulikuwa kipande ya pine ya gari pale, ilitolewa wakati wa kupaka rangi. Juu ya nini haikurudishwa? Hakuna aliyeambiwa ni kazi yake. Unaona, tumerudi Zeebrugge.

Sudere, fundi wa kuunga chuma, aliweka nusu ya bomba ya mviringo pale, kazi ya mangaribi moja. Na tulipaka mstari mwekundu chini kuonyesha pahali pa kutosimama. Kisha nikasoma rapore ya Zarga, bato kubwa ya gazi, Milford Haven kule Wales, 2 Machi 2015: kamba ilikatika ikapiga ofisa mu kichwa, akaumia vibaya sana, na ile kamba ilikuwa na ganda nje kwa hiyo uharibifu wa ndani hakuna aliyeweza kuuona. Nikajifunza pia kwamba waandikaji wa kanuni za kazi Uingereza hawapendi tena mistari ya rangi, juu kamba ikipita kwa kona inaweza kurudi upande haukufikiria, na mtu aliyesimama nje ya mstari anajiona yuko salama. Tulifuta mstari. Sasa kamba ikiwa imekazwa, mbele yote ni hatari, anayehitajika pale ni mtu wa kamba tu, abiria na mama na beseni wanabaki nyuma. Nilibadilisha wazo na sioni haya, kanuni ikionekana mbaya inafutwa.

Ili watu walete hizi hadithi, kuko sharti moja na ni ya mukubwa: anayesimulia mwenyewe ile ilitaka kutokea hakatwi mushahara na hatukanwi. Ukimukata moja, utapata kimya mwaka mzima, na unajua sasa kimya inahesabiwa kama nini.

Ya sita: simulia ekipe, mukiwa mumesimama pale ingetokea

Dakika kumi, mbele ya kupakia. Hadithi ya kamba munaisimulia mbele kwenye kamba, ya kale munaisimulia kwa mulango wa kale. Usisome rapore, simulia kama unasimulia jirani, na simama pale mbele ya mwisho uulize: "wewe ungefanya nini hapa?" Muanze na kijana kabisa wa ekipe. Mukubwa akisema wa kwanza, wote watamukubalia.

Kwa mambo ya uzito, onyesha na vitu. Kamata bidon ya litre tano, kata ubavu moja uwe wazi, itie mu maji ikilala, ule ubavu wazi ukiwa juu, na mawe ndani chini: inasimama vizuri. Toa mawe, funga yaleyale juu yake na kamba: inageuka. Mawe ni yaleyale, hesabu ni ileile. Ndo maana mzigo wa simiti unaenda chini na watu hawaruhusiwi kujaa juu. Kisha kila mtu aliyebeba maji anajua beseni iliyojaa nusu gisi inavyokuvuta huku na huku, basi maji yanayobaki chini ya bato yanafanya vile, yanakimbia upande ule bato inalalia na kuisukuma zaidi. Pompa maji mbele ya kutoka, usingoje Idjwi.

Na sasa, baada ya bidon, munaweza kuongelea Merdi. Na MV Nyerere ya Tanzania, 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, iliruhusiwa watu 101, walikufa zaidi ya 220. Zote mbili zilipinduka zikiwa karibu kufika. Mtu akiona porti anafikiri ameishafika, anasimama, anatafuta mzigo wake, wote wanaenda upande wa kushukia, na bato iliyokuwa imebeba kupita kipimo inapata uzito wake juu na pembeni kwa dakika moja. Hii kila matelo wa hapa ameiona. Sisi tulichukua kanuni: matelo wawili wanasimama kati ya watu mbele ya kufika, wanasema kwa upole "mama, papa, tukae mpaka kamba ifungwe", na ngazi haifunguliwe mbele ya pale. Na jile za kuelea zinavaliwa tangu kutoka, juu ile iliyofungwa chini ya magunia ya ndizi haiokoe mtu.

Ya saba: badilisha kitu kimoja, kiandike, kisha rudi

Kimoja. Mu kaye andika: kitu gani, nani atafanya, siku gani. Chini yake acha nafasi ya siku 30 mbele. Siku ile ikifika unarudi na toroshi unaangalia kama bado kiko. Utakuta mara mingi kimepotea: mtu alikuja mupya hakuambiwa, pine ilitolewa tena, mukono wa nyuma haunyanyuliwi juu mvua ilinyesha siku moja wakaacha. Usikasirike, uliza tena juu ya nini. Labda ule wa nyuma kapita hamuoni usiku, basi mupe toroshi.

Mimi ile pahali ya bomba napitishaka kidole kila ninapofunga kamba, mpaka leo. Ikikwaruza hata kidogo, tunamwita sudere mbele ya kupakia.